Kiingereza nje ya darasa: mwongozo kwa anayejifunza akiwa Nairobi

Mama mmoja wa darasa langu la ngumbaru alikuja jioni moja, akaketi bila kufungua daftari. Asubuhi hiyo alikuwa amempeleka mjukuu wake kliniki kwa chanjo ya surua ya miezi 9. Dada wa mapokezi akamwuliza kwa Kiingereza kama amewahi kufika pale. Mama akanyamaza. Yule dada akamwonea huruma, akageukia Kiswahili. "Mwalimu," akaniambia, "nilipofika nyumbani niliyakumbuka maneno yote. Have, you, been, here, before. Hayo nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini alipoyatamka, sikuyasikia."

Nimefundisha watu wazima huku Eastlands kwa zaidi ya miaka 10 na sijapata mtu aliyeieleza shida hii vizuri kuliko yeye. Darasa letu hukutana mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Wiki ina saa 168. Anayezitegemea zile nne peke yake atakijua Kiingereza cha ubaoni, na cha ubaoni hakikusaidii mbele ya dirisha la mapokezi.

Nairobi nayo ina ugumu wake. Kiingereza kimejaa kila mahali: mabango ya barabarani, fomu za Huduma Centre, risiti za supamaketi, ujumbe wa benki. Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Lakini ukisitasita kidogo tu, unayezungumza naye anakuhamishia Kiswahili au Sheng kwa wema wake, na mazoezi yako yanaishia hapo. Mtu anaweza kuishi mjini miaka 20, Kiingereza kikimpita kila siku kama matatu iliyokwisha kujaa. Kwa hiyo usisubiri mazoezi yakukute. Yapangie.

Kabla ya hatua zenyewe, nishike jambo moja ambalo wanafunzi wangu wamelisikia hadi wamelikariri: Kiswahili chako ndicho ngazi yako. Kuna watu huwaambia wanaojifunza wasahau Kiswahili, wafikiri kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Sikubaliani nao. Chukua jambo ambalo umeshalielewa kwa Kiswahili, kisha lipokee mara ya pili kwa Kiingereza. Maana ikiwa tayari kichwani, masikio hupata nafasi ya kushughulika na sauti. Karibu kila hatua hapa chini imejengwa juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: jua unapokwama

Tembea na kikaratasi mfukoni kwa siku saba. Kila ulipohitaji Kiingereza ukashindwa, au ukapakwepa, andika mahali penyewe na ulichotaka kusema, kwa Kiswahili. Usiandike "sarufi" wala "msamiati". Andika "langoni, mgeni ameuliza nyumba namba 14" au "mwajiri amenieleza dawa ya mtoto, sikushika ni mara ngapi kwa siku".

Kijana mmoja mlinzi wa usiku kule South B alirudi na orodha ya mambo 19. Tulipoyapanga, tukakuta ni matatu tu yanayojirudia: kumpokea mgeni langoni, kumpigia msimamizi simu, na kuandika kitabu cha OB, yaani daftari la matukio ya zamu. Akaanza na hayo matatu akaacha mengine yote. Nawe fanya hivyo. Kiingereza chote ni kikubwa mno kwa mtu yeyote, ila cha langoni kina sentensi kama 30, nazo zinajifunzika.

Hatua ya pili: yafundishe masikio

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko kwingine kote, kwa sababu wengi huiruka hatua hii. Wanaharakia kusema, na mtu hawezi kujibu asichosikia.

Anza na televisheni, hata kama ni ya jirani au ya kibanda cha chai. Kwa miaka mingi vituo vikubwa vya nchi hii vimesoma habari kwa Kiswahili saa moja usiku, kisha kwa Kiingereza saa tatu. Mara nyingi habari ni zilezile, picha ni zilezile. Kwa mwanafunzi wa lugha hiyo ni zawadi, na wengi tunailalia. Saa moja chagua habari moja tu na uisikilize hadi mwisho. Jiulize: nani, wapi, kiasi gani, nini kitafuata. Saa tatu ingoje habari hiyohiyo. Usijaribu kuelewa taarifa nzima. Nyingine zote ziache zipite.

Habari nzuri ya kuanzia ni bei ya mafuta. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo unajua siku itakayokuja. Unajua pia kitakachosemwa: petroli, dizeli, mafuta ya taa, imepanda au imeshuka au imebaki palepale, shilingi ngapi kwa lita. Kwa Kiingereza utasikia maneno kama "increase", "drop", "unchanged" na "per litre", na mwezi ujao utayasikia tena. Zoezi hili lina faida nyingine: linakufundisha kusikia tarakimu. "Fifteen" na "fifty" zimewapotezea watu pesa sokoni. Siri iko kwenye mkazo. Kwenye "fifty" uzito uko mwanzoni na mwisho ni mfupi. Kwenye "fifteen" mwisho unavutwa.

Ukishazoea habari, ingia kwenye zoezi ninaloliita kufuatisha. Tafuta sauti fupi, isizidi dakika moja, yenye maandishi yake. BBC hutoa bure kwenye intaneti vipindi vya wanafunzi vinavyoitwa 6 Minute English, pamoja na maandishi ya kila kilichosemwa. Vipakue mahali penye Wi-Fi ili usimalize bando. Sikiliza dakika yako moja mara mbili bila kusoma. Isikilize mara ya tatu ukifuata maandishi kwa kidole. Mara ya nne na ya tano sema pamoja na msemaji, nyuma yake kidogo tu, kama unavyomfuata padri au imamu katika dua unayoijua nusu. Usikatize sauti ukikosea. Endelea naye.

Turudi kwenye sentensi ya kliniki, kwa maana ndani yake kuna somo zima. Kwa maandishi ni maneno matano yaliyoachana vizuri. Mdomoni mwa yule dada yalitoka hivi: "hevyubin-HIA-biFOO". Matatu ya kwanza yameshikana yakawa kama neno moja jepesi, na uzito wote umeangukia mwishoni. Sisi Waswahili tumezoea kila silabi ipewe haki yake na mkazo ukae silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, MWA-na, ni-na-ku-PE-nda. Kiingereza humeza vijineno na kukazia vichache. Isitoshe, mkazo wake unahama: "photograph" hukaziwa mwanzo, "photographer" silabi ya pili, "photographic" ya tatu. Ndiyo sababu masikio yetu hungoja neno ambalo halifiki.

Nilimwambia mama agonge meza kwa kiganja kila anapofika neno zito, mengine yapite haraka. Tok, tok. Tuligonga meza hiyo dakika 10 nzima, hadi darasa la jirani likatutumia mtu kuuliza kulikoni. Siku ya tatu akawa anaisikia ile sentensi hata nilipoisema nikiwa nimempa mgongo, nikifuta ubao.

Kuhusu irabu, Kiswahili kina tano na Kiingereza kinachofundishwa Uingereza kina karibu 20. Ndiyo maana "hut", "hat", "heart" na "hurt" hutoka midomoni mwetu karibu sawasawa. Yajue, yasikilize, lakini yasikunyime usingizi. Wakenya wengi wenye Kiingereza kizuri sana hawayatenganishi yote manne, na wanaelewana na dunia nzima. Mkazo ukiwa mahali pake, utaeleweka.

Hatua ya tatu: sema peke yako, ukijipimia muda

Walimu wa lugha wana zoezi la nne-tatu-mbili, na halihitaji chochote ila simu. Chagua hadithi moja ya maisha yako: ulivyokuja Nairobi, siku ulipopata kazi, unavyopika pilau. Weka simu ikuhesabie dakika 4 na uisimulie kwa Kiingereza, ukijirekodi. Pumzika. Isimulie tena hadithi ileile kwa dakika 3. Kisha kwa dakika 2.

Mara ya kwanza utakwama kila hatua. Neno likikukimbia, liseme kwa Kiswahili na uendelee: "I put the kitunguu in the sufuria." Usisimame kulitafuta, maana ukisimama umeacha kufanya mazoezi ya kusema na kuanza ya kutafuta maneno. Mara ya tatu utashangaa jinsi mdomo ulivyolegea, kwa sababu akili haitafuti tena la kusema, inashughulika na namna ya kulisema. Baada ya hapo ndipo utafute yale yaliyokukimbia, yasizidi matatu. Kesho yake rudia hadithi hiyohiyo. Hadithi moja kwa wiki inatosha.

Ukiona haya kusema peke yako chumbani kwa sababu nyumba za ploti zina kuta nyembamba, weka simu sikioni utembee nayo. Nairobi hakuna anayemshangaa mtu anayeongea na simu akielekea steji.

Hatua ya nne: tafuta mwenzako, na muwekeane masharti

Mwenzako asiwe bingwa. Awe mtu wa kiwango chako, anayehitaji Kiingereza kama wewe, na anayeshika ahadi. Mara tatu kwa wiki, dakika 20. Ana kwa ana mkiweza, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp msipoweza. Ujumbe wa sauti una uzuri wake: unaweza kuusikiliza mara nne kabla ya kujibu, jambo ambalo ana kwa ana huliwezi.

Sharti la kwanza ni kutosahihishana kwa dakika 10 za mwanzo. Kila mmoja aandike kosa alilosikia, mtayasema mwishoni, na yasizidi mawili kwa mtu. Sharti la pili, mada ijulikane jana. "Tuongee Kiingereza" haijawahi kumtoa mtu popote. "Tueleze kodi ya nyumba inavyolipwa" inamfikisha.

Kuna sentensi nne ambazo kila mmoja wenu azijue hadi mdomo uziseme wenyewe, maana ndizo zitakazoshikilia mazungumzo yasihamie Kiswahili. "Could you say that again, please?" "Slowly, please." "How do you say kodi in English?" Na ya nne, kwa yule mwema anayekuhurumia: "Please, let's continue in English. I'm learning." Nimeona makarani, manesi na makondakta wakitabasamu na kupunguza mwendo wakisikia hiyo ya nne. Watu wa mji huu ni waungwana ukiwaambia unachotaka.

Sasa niseme la kuchekwa, kwa sababu limewafunga watu wengi midomo kuliko sarufi. Nairobi tuna neno kushrabu, yaani kutamka Kiingereza kwa lafudhi ya lugha ya mama, r ikawa l au b ikapata m mbele yake. Watoto hulitumia kuchekana, na watu wazima pia. Kabla ya hapo wengi wetu tulivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Mtu aliyefunzwa Kiingereza kwa aibu hukiogopa hata akiwa na miaka 50. Nikimpata mwanafunzi wa namna hiyo, simwambii ajikaze. Namwambia aanze na mtu mmoja tu, asiyemcheka, na wakae na mtu huyo mwezi mzima kabla ya kutoka mbele ya wengine. Ukiwa wewe ni mzazi au jirani wa anayejifunza, tafadhali usimcheke. Kicheko kimoja kinaweza kuzima mazoezi ya mwaka.

Hatua ya tano: toka ukatumie

Ibada ni mahali pa kwanza ninapowatuma Wakristo wa darasa langu. Makanisa mengi mjini yana ibada mbili Jumapili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, na mara nyingi masomo ni yaleyale. Nenda ya Kiswahili, au soma somo hilo nyumbani katika Biblia ya Kiswahili, kisha ukae kwenye ya Kiingereza. Nyimbo, sala, salamu za mwisho mlangoni, vyote unavijua tayari kwa maana.

Pili, simu ya huduma kwa wateja. Kampuni ya simu, benki na kampuni ya umeme zina namba za kupiga, na nyingi hukuuliza unataka lugha gani. Chagua Kiingereza. Anayekupokea amefunzwa kuwa mvumilivu, anasema kwa uwazi, na mazungumzo ni mafupi. Andaa swali la kweli, liandike, andika na majibu mawili unayodhani utapewa. Usipige bila shida halisi, maana kuna mwingine kwenye foleni anayeihitaji nafasi hiyo.

Maktaba. Ile ya McMillan katikati ya jiji ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ina matawi Kaloleni na Makadara, karibu kabisa na wanafunzi wangu wengi. Nenda huko kwa ajili ya utulivu na vitabu, lakini pia uzungumze na mhudumu: uliza kwa Kiingereza kitabu unachotaka kiko rafu gani. Ni mazungumzo ya dakika mbili yasiyo na presha.

Aliyekwisha kupiga hatua ajaribu Toastmasters. Ni vikundi vya kujizoeza kuhutubia, vilivyoanzia California 1924, na Nairobi viko kadhaa. Mgeni hukaribishwa kukaa na kusikiliza kabla ya kujiunga. Kila msemaji hupimiwa muda kwa ishara ya kijani, manjano na nyekundu, na mwishoni mwenzake humweleza alichofanya vizuri na cha kurekebisha. Hata Bunge liko wazi: Katiba inataka vikao vyake vifanyike hadharani, na yaliyosemwa huchapishwa neno kwa neno katika Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa hiyo unaweza kusikiliza mjadala kisha ukausoma. Ila Kiingereza cha pale ni kizito. Kiache hadi mwaka wa pili.

Kuna wanaowashauri wanafunzi wawafuate watalii mjini au Maasai Market ili wapate mazoezi. Mimi sishauri. Mgeni hudhani unataka kumwuzia kitu au kumwibia, mazungumzo hukatika, nawe hurudi nyumbani umevunjika moyo. Kama unafanya kazi hapo, sawa, hao ni wateja wako. Kama sivyo, waache.

Kusoma na kuandika

Taifa Leo na Daily Nation hutoka nyumba moja ya habari. Soma habari katika Taifa Leo kwanza, kisha itafute katika Nation. Ngazi ni ileile ya habari za saa moja na saa tatu, safari hii kwa macho. Si lazima gazeti liwe la leo. La juzi linalofungiwa nyama au mandazi linafundisha vilevile, na halina gharama.

Vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa ngazi ni bora zaidi kwa anayeanza. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, huanza hatua ya kwanza kwa maneno 400 ya msingi na kufika 2,500 katika hatua ya sita. Vitabu vya aina hiyo hupatikana kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara mjini. Fungua ukurasa wowote katikati, usome ukikunja kidole kimoja kwa kila neno usilolijua. Mkono ukijaa kabla ukurasa haujaisha, kirudishe, uchukue chepesi zaidi. Watu wazima hupenda kuchagua kitabu kigumu kwa heshima, na kitabu hicho huishia chini ya godoro.

Kuandika, fanya kidogo na kila siku. Yule mlinzi wa South B alikuwa na bahati, OB yake ilikuwa daftari la mazoezi tayari. Mwanzoni alinakili namna wenzake walivyoandika: "At 2145 hrs a white pickup entered. All quiet." Baada ya miezi mitatu akaandika kwa sentensi zake jinsi bomba lilivyopasuka usiku na nani alipigiwa simu. Wewe usiye na OB andika sentensi tatu kabla ya kulala: nilichofanya, nilichokiona, nitakachofanya kesho. Programu za simu za kutafsiri na kusahihisha zitumie baada ya kuandika, kamwe si kabla.

Mitego ya Mswahili

Nilisema Kiswahili ni ngazi. Kuna vidato kadhaa vilivyolegea, na afadhali uvijue.

Saa ndiyo iliyoniumiza mimi. Nilipotoka Kwale kutafuta kazi Nairobi, nilipigiwa simu ya usaili nikaambiwa "eight o'clock". Nikasikia nane. Nikafika saa nane mchana, shati limenyooshwa, vyeti mkononi. Usaili ulikuwa saa mbili asubuhi na nafasi ilikuwa imekwisha kupata mtu. Sikuwa sijui kuwa Kiingereza huhesabu saa kivingine. Nilijua. Lakini sikuwa nimelifanyia mazoezi, na simu haikupi muda wa kutoa sita. Angalia saa ya ukutani yenye mishale: namba ya Kiswahili hukaa ng'ambo ya namba ya Kiingereza. Nane inaitazama mbili, saba inaitazama moja, tisa inaitazama tatu. Kwa wiki mbili, kila ukitazama saa, itaje kwa lugha zote mbili. Na ukipewa miadi, rudia kwa Kiingereza ukiongeza wakati: "Eight in the morning?"

Mtego wa hatari zaidi ni swali la kukanusha. Kwetu mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unajibu "Ndiyo". Kwa Kiingereza jibu ni "No, I haven't." Sasa fikiria uko hospitalini, nesi anauliza, "You're not allergic to any medicine?" nawe hakuna dawa inayokudhuru, unajibu "Yes". Anaweza kuandika kinyume. Usijibu swali la namna hiyo kwa neno moja. Maliza sentensi: "I'm not allergic to anything."

"He" na "she" hutuchanganya kwa sababu "a-" yetu haibagui: amekuja ni amekuja, awe baba au mama. Kanuni haisaidii hapa, mazoezi ndiyo. Chukua picha ya familia na ueleze kila mtu anafanya nini, dakika 5, kidole kikiwa juu ya uso wake.

Mengine ni mepesi. Kiingereza hakisikii njaa wala baridi, mtu huwa na njaa: "I'm hungry", "I'm cold". Kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili, kwao anayetoa ni "lend" na anayepokea ni "borrow". "Sorry" ya hapa Kenya tunaitumia kama pole, hata mtu akijikwaa mwenyewe, mgeni kutoka Uingereza au Marekani anaweza kudhani unakiri kuwa wewe ndiye uliyemwangusha, basi mwulize "Are you all right?" Na adabu yetu imo ndani ya kitenzi: "naomba maji" inatosha. Ukiigeuza ikawa "give me water", utaonekana mkali bila kukusudia. Sema "Could I have some water, please?"

Maneno yasipotee

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akionyesha jinsi tunavyosahau haraka sana mwanzoni, na jinsi kurudia kwa kuachanisha siku kunavyosaidia. Kata karatasi ya manila vipande vidogo. Upande mmoja sentensi ya Kiswahili uliyoiandika katika hatua ya kwanza, upande wa pili ya Kiingereza. Sentensi, si neno peke yake. Ipitie kesho, kisha siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Uliyoikosa irudi mwanzo. Tano mpya kwa siku zinatosha, na safari ya matatu kwenye foleni ya Jogoo Road inakupa muda wa kuzipitia zote.

Wiki yako, na namna ya kujipima

Usifanye yote kila siku. Mfanyakazi wa nyumbani ninayemfundisha hufanya hivi: asubuhi akiosha vyombo anafuatisha dakika yake moja, mara tano, jioni habari ya saa moja na ya saa tatu, moja tu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anazungumza na mwenzake kwa ujumbe wa sauti, Jumapili ibada ya Kiingereza, akirudi nne-tatu-mbili. Ukijumlisha siku ya kawaida ni kama dakika 40, na nyingi zimo ndani ya kazi alizokuwa nazo. Akikosa siku, halipi deni. Anaendelea na ya leo.

Kujipima, tumia rekodi. Siku ya kwanza jirekodi ukisimulia ulivyokuja Nairobi, dakika 2, bila kuandaa. Usiifute hata ikikuchoma masikio. Jirekodi tena siku ya 30 na ya 90, hadithi ileile. Zisikilize mfululizo ukihesabu mambo mawili: mara ulizonyamaza kwa zaidi ya sekunde tatu, na maneno ya Kiswahili uliyochomeka. Ukimya ndio hupungua kwanza. Maneno yatafuata.

Mama wa kliniki alirudi kule kwa chanjo ya miezi 18. Alikuwa ameijibu ile sentensi ya zamani mbele yangu mara nyingi kiasi kwamba alitamani aulizwe. Hakuulizwa. Dada wa mapokezi, mwingine safari hii, alisema haraka bila kuinua macho, "Did you carry the booklet?" Mama akalisikia lile neno zito la mwisho, akatoa kijitabu kwenye mkoba na kukiweka juu ya dirisha. "Yes," akasema. "It's here."